Kitufe Kisicho Kitufe: Mhadhara kuhusu Ufikivu na Viwango vya Tovuti

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi watengenezaji wa tovuti mliofika kutoka hapa Kampala na kutoka mikoani, nawashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kwenda na wakati katika kazi hii. Wanaonifahamu wanajua tayari nitaelekea wapi, kwa kuwa ni jambo ninalolisema kila ninapokabidhiwa kipaza sauti, na waliokwisha kulisikia naomba waniwie radhi, ingawa tovuti zao nimezikagua na sioni dalili kwamba lilipata kuwaingia. Malalamiko yangu ni kwamba vijana wetu wanaijua zana iliyotoka mwezi uliopita lakini hawakijui kiwango cha ufikivu, yaani cha kuzifanya tovuti zitumike na kila mtu, hata asiyeona, kilichotolewa mwaka 1999. Ukimwuliza mmoja wao kwenda na wakati ni nini, anakutajia majina ya maktaba za JavaScript, yaani mafungu ya msimbo ulio tayari kutumika, na kabla hujamaliza kuyaandika mawili kati yao yamekwisha kuachwa.

W3C mnaijua, ndiyo jumuiya ya kimataifa inayotunga viwango vya tovuti, kwa hiyo sitapoteza muda kuieleza zaidi. Mwongozo wake wa ufikivu, WCAG, ulitoka toleo la 1.0 mwezi Mei 1999, toleo la 2.0 Desemba 2008, la 2.1 Juni 2018, na la 2.2 Oktoba 2023. Hebu tazameni nafasi iliyopo kati ya toleo na toleo: zaidi ya miaka 9, kisha zaidi ya 9 tena, halafu 5 na ushei. Mtu hawezi kusimama mbele yangu akadai kwamba jambo linalotembea kwa mwendo huo limemwacha nyuma. Zaidi ya hayo, toleo la 2.1 na la 2.2 yanaongeza masharti juu ya yale ya 2.0 bila kuyatupa, na sharti pekee lililoondolewa katika 2.2 ni lile la 4.1.1, lililohusu msimbo usio na kasoro za uandishi, kwa sababu vivinjari vya leo vinazirekebisha kasoro hizo vyenyewe. Sharti la kwanza kabisa la mwaka 1999 lilitaka kila picha, na kila kitu kisicho maandishi, kiwe na maandishi ya kukiwakilisha. Sharti la kwanza la mwaka 2023 linataka hilohilo. Mwaka 2000, huko Australia, Bruce Maguire, mtu asiyeona, aliwashinda waandaaji wa Michezo ya Olimpiki ya Sydney kwa sababu tovuti yao ilikuwa na picha zisizo na maandishi mbadala, nao wakaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Baadhi yenu hamkuwa mmezaliwa, na picha zenu bado hazina maandishi mbadala.

Sasa naomba niwapeleke kwenye fomu moja, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndani ya fomu hiyo yamo karibu yote ninayotaka kuyasema. Ni fomu ya kulipia karo kwa pesa za simu, katika taasisi ambayo sitaitaja. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye haoni, aliniomba niketi kando yake wakati anailipia karo ya muhula. Anatumia NVDA, kisoma-skrini cha bure, yaani programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh wa Australia, ambao wenyewe hawaoni, na anakitumia kwa kasi ya sauti ambayo mimi sikuweza kuifuata, ikabidi aipunguze kwa ajili yangu.

Ukurasa ulipofunguka, akabonyeza herufi H. Mtumiaji wa kisoma-skrini hasomi ukurasa kutoka juu hadi chini kama anayesoma gazeti la jana kwenye foleni ya kinyozi. Anaruka kutoka kichwa hadi kichwa, na H ndiyo herufi ya kurukia. Mashine ikamjibu kwamba hakuna kichwa. Kwa macho yangu niliviona vichwa vitano, vikubwa, vyeusi, vimepigwa mstari chini, lakini mtengenezaji alikuwa ameyakuza maandishi ya kawaida kwa CSS, lugha ya kupambia ukurasa, bila kuiambia mashine kwamba hivyo ni vichwa. Akabonyeza F, herufi ya kutafutia sehemu za fomu. Mashine ikasema: sehemu ya kuandika, tupu. Akabonyeza tena: sehemu ya kuandika, tupu. Mara ya tatu vilevile. Kwenye skrini mimi nilisoma kandoni mwa kila kisanduku jina kamili, namba ya usajili, namba ya simu, lakini maneno hayo hayakufungwa kwenye visanduku vyake kwa tagi ya label, alama ya kukipa kisanduku jina katika HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za tovuti, kwa hiyo kwa mashine yalikuwa maneno yanayoelea tu. Yeye akakisia mpangilio, akaandika jina, akaandika namba, na alikisia sawasawa, kwa kuwa amezijaza fomu za namna hiyo tangu siku ya kwanza ya chuo.

Kisha zikaja nembo za kampuni za simu, ambazo mlipaji anatakiwa kuchagua mojawapo. Mashine ikazisoma kwa majina ya faili, herufi na tarakimu moja baada ya nyingine, na mwisho wa moja kati yake nikasikia wazi neno "final" likirudiwa mara mbili. Hata hapo akapita. Kilichobaki ni kitufe cha kulipa. Akabonyeza Tab, na kielekezi kikatoka kwenye kisanduku cha mwisho kikaenda moja kwa moja kwenye anwani ya ofisi iliyo mguuni mwa ukurasa. Akarudi nyuma, akabonyeza tena, kikaruka tena. Nami nakiona kitufe, kipo, rangi ya machungwa, kina kona za mviringo, kina kivuli, na kinabadilika rangi ukikipitishia kipanya. Nikakibofya kwa kipanya, malipo yakaenda. Akacheka, akasema, "Kwa hiyo, Mwalimu, karo yangu inalipwa kwa macho yako."

Nikaufungua msimbo. Kitufe kile hakikuwa kitufe. Kilikuwa div, yaani tagi ya kugawia ukurasa mafungu tu, iliyovikwa rangi na kufungiwa amri ya kusikiliza kubofya kwa kipanya. Div haina maana yoyote kwa kivinjari: haifikiwi kwa kibodi, haijitambulishi, haijibu Enter wala kibao cha nafasi. Angeandika button mahali pa div, kivinjari kingempa hayo yote bure, na CSS yake ya rangi ya machungwa isingeguswa. Niliwaandikia wenye tovuti, nikawaeleza na neno lenyewe la kubadilisha. Walinijibu kwa adabu kwamba wako katika mpango wa kuijenga tovuti upya kwa teknolojia ya kisasa. Wakaijenga kweli. Div ipo palepale. Kivuli chake sasa ni laini zaidi.

Mtu atasema, lakini Mwalimu, div inaweza kuongezewa ARIA, zile sifa za kuieleza mashine kitu fulani ni nini. Inaweza. Utaiwekea role ya kitufe, kisha utaiwekea tabindex ili ifikiwe, kisha utaandika JavaScript ya kusikiliza Enter, na nyingine ya kibao cha nafasi, na ukishamaliza utakuwa umekijenga kwa jasho kitu ambacho kivinjari kilikuwa nacho tangu miaka ya tisini. Kanuni ya kwanza ya matumizi ya ARIA, iliyoandikwa na W3C wenyewe, ni kwamba ikiwa HTML ina kitu chenye maana unayoitaka, tumia hicho. Shirika la WebAIM, lililoko Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, hukagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1, na limeonyesha mara kwa mara kwamba kurasa zenye ARIA zina wastani mkubwa zaidi wa kasoro kuliko kurasa zisizo nayo. Katika ukaguzi wa mwaka 2024, kurasa 95.9 katika kila 100 zilikutwa na kasoro za WCAG ambazo programu inaweza kuzitambua. Kwa hiyo msidhani nawasimanga Waganda peke yao. Dunia nzima imelala.

Pingamizi la pili nalijua kabla halijatolewa, maana hutolewa na yuleyule anayeketi safu ya nyuma: wasioona ni wachache. Kwanza, uchache wa watu haumwondolei mtu haki ya kulipa karo yake mwenyewe. Pili, toka nje saa saba mchana, simama Kituo cha Zamani cha Teksi, na ufungue tovuti yako kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo kilichokwaruzika. Yale maandishi ya kijivu uliyoyapenda ofisini yatakuwa yamekwenda. WCAG inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu chenye namba ya rangi #999999 juu ya nyeupe, ambacho mnakipenda sana, kina 2.8 kwa 1. Kijivu cha #777777 kinakosa kwa nywele, na #767676 kinapita. Tofauti yake hakuna jicho linaloweza kuiona, kwa hiyo anayeniambia kwamba kiwango kinaharibu urembo wa kazi yake anieleze ni urembo upi huo. Manjano juu ya nyeupe ni 1.07 kwa 1, na bado nimeyaona matangazo ya kazi yakiandikwa hivyo. Mwendesha boda anayetafuta namba ya mteja juani haoni zaidi ya mwanafunzi wangu, na tena yeye hana hata NVDA ya kumsaidia.

Pingamizi la tatu ni kwamba mteja halipii ufikivu. Hakuna mteja aliyewahi kulipia tagi ya div pia, na mnampa. Ila kama ni fedha tunazungumza, basi wale mnaofanya kazi za wateja wa Ulaya mjue kwamba Sheria ya Ufikivu ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025, na inagusa biashara za mtandaoni zinazowauzia walaji wa huko, isipokuwa watoa huduma wadogo kabisa. Kiwango chao cha kiufundi, EN 301 549, kwa upande wa tovuti kimejengwa juu ya WCAG 2.1 ngazi ya AA, ya pili kati ya ngazi tatu za A, AA na AAA. Mteja huyo akipata malalamiko atatafuta mtu anayejua, na mtu huyo anaweza kuwa yuko Ntinda, hapahapa Kampala.

Msimkimbilie muuzaji wa msimbo wa kubandika, ule unaoweka kialama cha mtu pembeni mwa ukurasa na kuahidi kwamba mstari mmoja utamaliza kila kitu. Mwezi Januari 2025, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni moja inayouza bidhaa ya namna hiyo italipa dola milioni 1 kwa madai ya kuwapotosha wateja juu ya uwezo wake. Hiyo ni kupaka chokaa nyumba isiyo na mlango.

Naona mwenyekiti ananitazama, kwa hiyo yaliyobaki nitayapitisha haraka. Lugha ya ukurasa: sharti la 3.1.1, ngazi ya A, linataka ukurasa utaje lugha yake. Tovuti zetu za Kiswahili zimeandikwa lang="en" kwa sababu kiolezo kilikuja hivyo, na kisoma-skrini kinasoma "wananchi wote" kwa matamshi ya Kiingereza hadi mtu azime sauti. Sauti ya Kiswahili ipo, NVDA inakuja nayo kupitia eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi; andikeni sw. Kama ni Luganda, andikeni lg. Ukurasa unaochanganya lugha mbili, kila kipande kitajwe chake.

Yaliyoongezwa katika 2.2: vitufe visipungue pikseli 24 kwa 24 za CSS, au viwe na nafasi ya kutosha kati yake, mtu asilazimishwe kuandika mara ya pili jambo aliloliandika katika hatua iliyotangulia, na kuingia kwenye akaunti kusitegemee fumbo au kumbukumbu pekee, maana yake mruhusuni abandike nywila aliyoihifadhi. Wale mnaozuia kubandika kwa jina la usalama, sijui mnamlinda nani.

Sheria za hapa mnazo: Ibara ya 35 ya Katiba ya 1995, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, unaitaja intaneti kwa jina katika ibara yake ya 9. Wanasheria wataeleza vizuri kuliko mimi.

Nyaraka za PDF nilikuwa nimeziandalia sehemu nzima, na manukuu ya video vilevile, lakini nitaziacha, isipokuwa niseme tu kwamba karatasi iliyopitishwa kwenye skana na kupandishwa tovutini ni picha. Jaribuni kuchagua neno moja ndani yake, na likikataa kuchagulika, hata kisoma-skrini hakina cha kusoma humo.

Kompyuta iliyo mezani hapa mbele ina NVDA, na spika zake zinafanya kazi. Anayetaka kuijaribu tovuti yake mbele ya wenzake aje wakati huu wa maswali. Kipanya nimekiondoa.