Kabla ya kupanda ndege: kusomea saikolojia ya mahakama na ya ubongo

(Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, Iringa)

Kamwene! Shikamooni walimu wetu mliokaa mbele. Na nyie wadogo zangu mliojibana kule mlangoni, nimewaona. Tulieni, sitachukua mahudhurio.

Nimetoka Mbeya na basi la alfajiri. Tuliposimama Makambako nilihesabu bodaboda kumi na moja kijiweni. Kofia ngumu zilikuwa tatu, moja ikiwa imening'inizwa kwenye usukani. Mimi si trafiki, lakini hesabu hiyo inanihusu, maana vijana wengi ninaowapima kumbukumbu wameletwa kwangu na ajali za pikipiki.

Swali ninalotumiwa sana kwenye simu ni hili: "Dada, chuo gani kinafundisha forensiki?" Yaani saikolojia ya mahakama. Kabla sijalijibu, nawapeni kisa. Mambo ya mhusika nimeyageuza asijulikane.

Kijana wa upande wa Mbozi, mkulima wa kahawa, alikutwa usiku wa manane chumbani kwa jirani. Amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu mguu mmoja, anavuta shuka kama anayetafuta kitu. Jirani akapiga yowe, watu wakajaa, na asubuhi kijana akawa mahabusu kwa kosa la kuvunja na kuingia. Mama yake alipofika akasema neno moja tu: "Ana kifafa." Sasa anayejua ubongo anajua kwamba baada ya degedege mtu anaweza kutembea, kufungua mlango hata kuvaa kiatu, na asikumbuke lolote. Hakimu hakusomea hayo. Anahitaji wa kumweleza.

Na kifafa chenyewe kimetoka wapi? Huku kwetu nyanda za juu kusini tunafuga nguruwe wengi, na tegu wa nguruwe ni wetu pia. Nyama isiyoiva inakupa mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo huo, yakitoka chooni yakaingia kinywani kwa mikono michafu au mboga, ndiyo yanayopeleka vifuko vya lava ubongoni. Kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto maisha yake yote anaweza kupata vifuko hivyo, na kifafa chake. Nawaambia hivi kwa sababu ubongo na mahakama, mnavyovisoma kwenye vitabu kama fani mbili, kwa kijana yule vilikuwa jalada moja.

Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu nafasi ya kuagiza mtuhumiwa apelekwe hospitali ya akili achunguzwe, na ripoti irudi ndani ya siku 42. Kwetu hapo maana yake Dodoma, taasisi ya Isanga, chini ya hospitali ya akili ya Mirembe. Anayetajwa kuandika ripoti ile ni daktari mfawidhi. Mwanasaikolojia hatajwi. Kazi yako itakuwa ya kukaa pembeni ya daktari na kumpa vipimo vyenye mashiko, na usipokubali hilo mapema utaumia.

Vipimo! Niwaoneshe kidogo. Kuna kimoja maarufu cha kutaja majina ya picha, picha 60, kimetoka Marekani. Ndani yake kuna nyumba ya barafu ya watu wa kaskazini ya mbali, na mkate fulani uliosokotwa kama kamba. Mpe bibi wa Ileje. Akikaa kimya utaandika kwamba anapoteza maneno? Kipimo kingine ni cha kurudia tarakimu. Kwa Kiingereza nyingi zina silabi moja. Zetu jaribuni: tatu, tano, sita, saba, nane, tisa. Mbilimbili zote. Maneno marefu yanajaza kumbukumbu ya muda mfupi upesi zaidi, kwa hiyo mtu asiye na tatizo lolote anaweza kuonekana mpungufu kwa kosa la lugha yake. Kipimo kama hicho kikiingia kwenye ripoti ya mahakama, mtu anafungwa au anaachiwa kwa namba za kuazima.

Haya, vyuo.

Nyumbani sijui njia nzuri kuliko kuanza na shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Muhimbili wanayo. Jina la mahakama halimo kwenye cheti, lakini unakaa wodini, unasimamiwa, unaandika ripoti zinazorudishwa na wino mwekundu. Kuomba masta nchini kwa kawaida kunataka GPA isiyopungua 2.7. Wenye 2.6 msinifuate kwa basi, sina dawa.

Afrika Kusini ipo karibu, na kule nyurosaikolojia, yaani saikolojia ya ubongo, ina daftari lake la usajili. Chuo Kikuu cha Cape Town kina masta yake. Nafasi ni chache na usaili ni mkali.

Uingereza ndiko wengi mnakokimbilia, na ndiko wengi mnakojikwaa. Masta ya mwaka mmoja ya saikolojia ya mahakama ipo kwenye vyuo vingi, lakini ile ni hatua ya kwanza. Baada yake kuna kama miaka miwili au zaidi ya kazi chini ya msimamizi, ndipo usajiliwe. Bila usajili huo huruhusiwi kujiita mwanasaikolojia wa mahakama, cheo hicho kinalindwa kisheria. Nyurosaikolojia ndiyo ndefu zaidi: kwa kawaida unaanza na udaktari wa saikolojia tiba wa miaka 3, halafu ndipo ubongo. Marekani vivyo hivyo. Mkutano wa wataalamu wa fani hii uliofanyika Houston mwaka 1997 uliweka mwongozo kwamba baada ya uzamivu kuna miaka 2 mingine ya mafunzo kazini.

Ufadhili upo. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inataka uwe umefanya kazi kama miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani miwili. Jumuiya ya Madola nao wana wao. Cheti cha nje kikifika, kitapita Tume ya Vyuo Vikuu kutambuliwa, na hapo naomba mnisikilize: ulizeni Tume kabla ya kulipa ada. Mimi niliwahi kutuma ada ya maombi kwa chuo kimoja cha mtandaoni, sikitaji. Forensiki yote kwa miezi tisa, bila kumwona mgonjwa hata mmoja. Nilishtuka baada ya risiti. Hela ya mahindi ya baba ile.

Mada ya tasnifu msiende kuitafuta ng'ambo. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Marekani Elizabeth Loftus na mwenzake waliwaonesha watu filamu ya ajali, wakabadilisha kitenzi kimoja tu kwenye swali. Wiki moja baadaye, walioulizwa kwa kitenzi kikali, 16 kati ya 50 walisema waliona vioo vimevunjika. Kwa kitenzi cha kawaida walikuwa 7 kati ya 50. Vioo vilivyovunjika havikuwepo. Sasa Kiswahili kina yaligusana, yaligongana, yaliparamiana, yalipondana. Askari wa kituo akichukua maelezo ya shahidi wa ajali ya Kitonga anatumia lipi? Hiyo ni masta nzima, na nauli yake ni ya daladala.

Nani ana swali? Wewe mwenye sweta.

"Dada, yule kijana wa Mbozi aliishiaje?"

Aliachiwa. Anameza dawa zake, kahawa anachuma. Jirani mpaka leo hamwitikii salamu.