Fundi Rangi wa Le Havre: Deni la Kubizimu kwa Georges Braque

Habari za jioni. Asanteni kwa kuja. Ninyi mliokaa huko nyuma, songeni mbele, viti vipo na picha zangu zina mambo madogo madogo yanayotaka kuonekana kwa karibu.

Ukimwuliza mtu kubizimu, ule mkondo wa uchoraji unaovunja vitu vipande vipande, ililetwa na nani, atakujibu Picasso, basi. Leo nimekuja kumtetea mwenzake. Georges Braque alizaliwa mwaka 1882 Argenteuil, karibu na Paris, akakulia katika mji wa bandari wa Le Havre. Baba yake alikuwa fundi rangi, na kijana akafunzwa kazi hiyohiyo: kupaka kuta za watu, kuiga marumaru kwa mteja asiyemudu marumaru, kuufanya mlango wa mbao hafifu uonekane wa mbao ya thamani. Ufundi huo naomba muukumbuke, maana utatuhusu baadaye.

Lakini huwezi kuwaeleza hawa wawili bila kumpitia mzee Paul Cézanne, mchoraji Mfaransa aliyefariki Oktoba 1906 huko Aix-en-Provence. Mwaka uliofuata, maonyesho ya Paris yaitwayo Salon d'Automne yalitundika kazi zake 56, na vijana wakafurika. Kwa muda wa karne nne hivi wachoraji wa Ulaya walikuwa wamezoea kuchora kama mtu aliyesimama pale pale, hageuki, mistari yote ya picha ikikimbilia nukta moja kwa mbali. Cézanne alilegeza sheria hiyo. Tazameni meza zake: ukingo unapotelea chini ya kitambaa upande wa kushoto, ukitokea kulia hauko tena kwenye mstari wake. Mdomo wa chungu unauona kwa juu, tumbo lake unaliona kwa ubavu. Hakukosea. Mtu halisi akitazama kitu husogeza kichwa, na mzee alichora hivyo.

Mwaka huohuo wa 1907, katika jengo bovu la Montmartre, mtaa wa Paris, lililoitwa Bateau-Lavoir, Picasso alikuwa akihangaika na turubai kubwa yenye takribani mita 2.4 kwenda juu: wanawake watano, wawili wa kulia wakiwa na nyuso kama vinyago. Ndiyo *Les Demoiselles d'Avignon*. Alikuwa ameviona vinyago vya Kiafrika kwenye makumbusho ya Trocadéro na kwa marafiki zake; mchoraji Derain, kwa mfano, alikuwa na kinyago cha Wafang wa Gabon alichokinunua kwa mchoraji mwenzake Vlaminck. Najua kuna atakayeniuliza habari za Wamakonde. Hapana, vingi vya Paris vilitoka kwenye makoloni ya Ufaransa, Afrika Magharibi na Kati. Na majina ya waliovichonga hakuna aliyejisumbua kuyaandika, jambo ambalo linanikera hadi leo.

Braque alipelekwa kuiona picha ile, ikamshtua. Hakuiiga, alikwenda kuijibu kwa njia yake. Kiangazi cha 1908 alikuwa L'Estaque, kijiji cha pwani karibu na Marseille ambako Cézanne naye alichora sana. Hebu tuone *Nyumba za L'Estaque*. Tafuteni mbingu. Haipo. Nyumba zimepandana kutoka chini hadi juu, na hazina madirisha wala milango. Shina la mti linakata picha kwa mshazari upande wa kushoto. Kivuli hapa kinaonyesha mwanga unatoka kulia, pale kinaonyesha unatoka kushoto. Nyumba za nyuma hazififii kwa umbali kama tulivyofundishwa shuleni, bali zinakusogelea. Rangi ni kijani na udongo tu, basi, ingawa mwaka mmoja nyuma mtu huyuhuyu alikuwa akichora kwa wekundu na zambarau za kupiga kelele pamoja na kundi la mchoraji Matisse na wenzake.

Kamati ya Salon d'Automne, Matisse akiwamo, ilizikataa picha hizo za L'Estaque. Mfanyabiashara kijana wa Kijerumani, Daniel-Henry Kahnweiler, akazitundika Novemba 1908 katika duka lake dogo la mtaa wa Vignon. Mhakiki Louis Vauxcelles akaandika kwamba Braque anageuza kila kitu kuwa miche mraba, *cubes* kwa Kifaransa. Kwa hiyo ile kejeli iliyoupa mkondo huu jina ilimlenga Braque, siyo Picasso.

Baada ya hapo wawili hao wakawa hawaachani. Braque mwenyewe alikuja kusema walikuwa kama wapanda mlima waliofungwa kamba moja. Kiangazi cha 1911 walikuwa pamoja Céret, chini ya milima ya Pirenei, na kazi zao za wakati huo hata wataalamu huzichanganya. Saini walikuwa wakiweka nyuma ya turubai. Kusema kweli nyingi za mwaka huo hunichosha: kahawia, kijivu, vipande juu ya vipande, gitaa hulioni mpaka usome jina la picha. Nadhani nao waliihisi hatari hiyo.

Na hapo ndipo fundi rangi alipofungua sanduku lake. Kwenye *Le Portugais* Braque aligonga herufi kwa stensili, kama za mabango ya mtaani. Kisha akaleta kitana cha chuma: mafundi hukikokota juu ya rangi mbichi, kikaacha mistari ya mbao. Akamfundisha Picasso, naye, mtundu kama kawaida yake, akakitumia kuchana nywele na masharubu ya mtu katika *Mshairi* ya 1912. Septemba mwaka huo, Picasso akiwa amesafiri kwenda Paris, Braque aliona katika duka la Avignon, mji wa kusini mwa Ufaransa, karatasi ya ukutani iliyochapwa mfano wa mbao. Akainunua, akaikata, akaibandika. Katika *Bakuli la Matunda na Glasi* kipande cha chini, kwa kuchorewa kirungu tu, kinakuwa droo ya meza. Wapenzi wa Picasso watanikumbusha kwamba yeye alikuwa ameshabandika kitambaa kilichopakwa mafuta, plastiki ya zama zile, kwenye turubai miezi kadhaa kabla, na ni kweli. Lakini karatasi iliyobandikwa, ambayo wachoraji wa nusu ya Ulaya waliifuata, ni ya Braque.

Agosti 1914 Picasso aliwasindikiza Braque na Derain stesheni ya Avignon wakienda vitani. Mwaka uliofuata Braque alijeruhiwa kichwani, akapasuliwa fuvu, asirudi kwenye kazi mpaka 1917. Kahnweiler, kwa kuwa Mjerumani, mali yake yote ilitaifishwa kama mali ya adui. Serikali ya Ufaransa ikaiuza kwa minada minne kati ya 1921 na 1923, kwa bei ya kutupa, zikiwamo picha za Braque, mwanajeshi wake mwenyewe. Mtaalamu wa mnada alikuwa Léonce Rosenberg, naye mfanyabiashara wa picha hizohizo. Braque, aliyekuwa na mwili mkubwa na aliyewahi kujifunza ngumi, alimfuata palepale mnadani akampiga.

Haya, maswali.