Nani alinufaika? Mhadhara kuhusu chanzo cha mauaji ya Wayahudi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Ukiuliza kwa nini Wayahudi waliuawa Ulaya, wengi watakutajia Hitler na kuishia hapo. Jibu hilo linanisumbua, maana linambebesha mtu mmoja uovu uliolelewa na watu wengi kwa karne nyingi.

Twendeni Strasbourg, mji ambao leo uko Ufaransa, mwaka 1349. Tauni inafyeka Ulaya na hakuna anayejua inatoka wapi. Mwaka uliotangulia, huko Savoy, eneo la milima ya Alps, Wayahudi waliteswa mpaka wakakiri kwamba wametia sumu visimani, na uzushi huo ukasambaa mji hadi mji. Papa Clement VI aliupinga kwa maandishi: Wayahudi nao wanakufa kwa tauni hiyohiyo, na tauni inaua hata mahali wasipoishi. Baraza la mji wa Strasbourg pia lilikataa kuwaua. Vyama vya mafundi vikaling'oa baraza hilo, na Jumamosi ya tarehe 14 Februari Wayahudi kwa mamia wakachomwa moto katika makaburi yao wenyewe. Tauni ilikuwa bado haijafika mjini!

Baada ya hapo, madeni waliyokuwa wakiwadai watu yakafutwa, rehani na hati zikarudishwa kwa wadaiwa, na fedha taslimu mafundi wakagawiwa. Mwandishi wa historia ya mji ule hakuficha: aliandika kwamba fedha ndiyo iliyowaua.

Mtasema, basi kwa nini walikuwa wakopeshaji? Kanisa liliwakataza Wakristo kutoza riba. Myahudi naye sehemu nyingi hakuruhusiwa kumiliki ardhi wala kuingia katika vyama vya mafundi. Alisukumwa kwenye kazi ile, kisha akachukiwa kwa kuifanya. Wafalme walimlinda alipowafaa kwa kodi. Alipokamuliwa akaisha, alifukuzwa, kama Edward I alivyofanya Uingereza mwaka 1290. Na muda wote huo mimbarini alihubiriwa kuwa ndiye aliyemuua Yesu. Kanisa Katoliki lilikuja kuikana rasmi shutuma hiyo ya jumla mwaka 1965. Mnaona umri wake.

Karne ya 19 chuki ilipata lugha mpya, ya damu na mbari. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Kule Strasbourg, waliokubali ubatizo waliachwa hai. Sheria za Nuremberg za mwaka 1935, za Ujerumani ya Hitler, zilihesabu babu na bibi zako wangapi walikuwa Wayahudi, kwa hiyo hata kubadili dini hakukumwokoa mtu. Na faida haikukosekana: Wayahudi walipokwisha kusafirishwa kwenda kuuawa, mali zao zilitaifishwa, na katika miji kama Hamburg vyombo vyao vya nyumbani vilinadiwa hadharani. Waliokuja kununua ni raia wa kawaida, mama wa nyumbani miongoni mwao.

Tena haikuishia 1945, utawala wa Hitler ulipoanguka. Tarehe 4 Julai 1946, mjini Kielce, Poland, mtoto wa miaka minane alidai kwamba Wayahudi walimfungia katika chumba cha chini ya nyumba yao. Nyumba ile haikuwa hata na chumba cha chini. Umati ukaivamia, askari na polisi wakiwemo, na Wayahudi 42 wakauawa. Nchini humo walionusurika walikuwa wanarudi kutafuta jamaa zao, na wengi walizikuta nyumba zao zina wakazi wengine, ambao hawakuwa tayari kuhama.