Ritifaa Iliyotugharimu Meseji Tatu

Walimu wangu, wanafunzi, ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha hapa Kampala.

Naanza na neno ng'ombe. Miaka michache iliyopita niliandika programu ya kuwapelekea wachuuzi wa mifugo wa Busia bei za soko kwa meseji. Lugha ilikuwa Kiswahili, maana pale mpakani ndicho wanachopatania bei watu wa huku na wa Kenya. Meseji ilikuwa na herufi 150, tukapiga hesabu ya meseji moja kwa kila mtu. Bili ilipokuja, kila mchuuzi alikuwa ametugharimu meseji tatu.

Nilikesha siku mbili nikipekua programu mstari kwa mstari. Kosa lilikuwa ritifaa ya ng'ombe, ile alama ndogo ya juu baada ya ng. Maneno yaliandikwa kwanza kwenye programu ya kuandikia barua, nayo ikaigeuza ile ritifaa iliyonyooka ikawa ya kupinda.

Meseji moja hubeba baiti 140, na baiti moja ni biti nane. Kiwango cha GSM, yaani kanuni za pamoja za simu za mkononi, kina orodha yake fupi ya herufi, kila moja biti 7, ndiyo maana zinaenea 160. Ritifaa iliyonyooka imo, iliyopinda haimo. Ikiingia herufi moja tu ya nje, kwa kawaida meseji yote huhamia kwenye mfumo wa baiti mbili kwa kila herufi, na nafasi hushuka hadi 70. Ikikatwa vipande ni 67 kwa kipande, kwa sababu sehemu nyingine inatumika kuviunga. Gawanyeni 150 kwa 67 muone.

Sasa andika eŋŋoma, ngoma kwa Kiganda. Hiyo ŋ nayo haimo. Mwenye kuiandika lugha yake sawasawa ndiye anayelipa zaidi, na jambo hili linaniuma.

Hata hivyo kiwango chenyewe kimefaulu, tena sana. Katochi, kile kisimu cha tochi, ya Moroto na simu ya London zinaandikiana bila mkalimani.

Tazameni kiwango kingine kilichofaulu, UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta. Wanakompyuta Ken Thompson na Rob Pike waliibuni mwaka 1992, jioni moja, kwenye mkahawa huko New Jersey, wakichora juu ya karatasi ya kutandika mezani. ŋ imo, na maandishi ya karibu lugha zote yamo. Lakini iliyoipa ushindi, kwa maoni yangu, ni heshima kwa waliotangulia: faili la zamani la ASCII, mfumo wa awali wa herufi za Kiingereza, lilikuwa tayari ni faili la UTF-8, bila kuguswa hata biti moja. Hakuna aliyeambiwa atupe kazi yake ya jana.

XHTML 2, iliyokusudiwa kuwa lugha mpya ya kuandikia kurasa za wavuti, ilifanya kinyume. Kurasa zilizokuwapo zisingeendana nayo, watengenezaji wa vivinjari wakaipa kisogo, na mwaka 2009 W3C, shirika la viwango vya wavuti, ikatangaza kuifunga kazi hiyo. OSI nayo, mpango wa tabaka saba wa kuunganisha mitandao ya kompyuta, iliungwa mkono na serikali kubwa, Marekani ikiwemo, lakini ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ilikuwa imeshahamia TCP/IP, kanuni za mawasiliano ambazo intaneti inazitumia hadi leo, tangu tarehe 1 Januari 1983. Wahandisi walishika kilichokuwa kinafanya kazi mbele yao. Zile tabaka saba bado mnazikariri kwa ajili ya mtihani, najua.

Narudi kwenye meseji, kwa sababu mlango haukufungwa. Kiwango kile baadaye kiliongezewa majedwali ya herufi za lugha mbalimbali, ili herufi hizo zisiipandishe meseji bei. Kuna la Kituruki, kuna Kihispania, Kireno, na lugha kadhaa za India. Kiganda hakimo. Kiacholi, chenye ŋ hiyo hiyo, hakimo. Jedwali ni kitu kidogo, safu chache za herufi, na katika chumba hiki naona watu wanaoweza kuliandika wiki hii na kulipeleka.

Ritifaa niliitibu kwa mistari minne ya programu inayoinyoosha kabla meseji haijatoka, na mwezi uliofuata bili ikarudi kuwa moja moja. ŋ sikuigusa. Meseji zetu nyingine, za Kiganda, bado zinatoka nayo, na bado tunazilipia tatu.