Utakaso Kwenye Mdomo wa Gunia

(Mhadhara uliotolewa kwenye semina ya Jumamosi, Uyole, Mbeya)

Bwana Yesu asifiwe.

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, akina mama, na ninyi vijana mliojibana huko mlangoni, nashukuru kwa nafasi. Nimepewa kichwa cha kukua kiroho na utakaso. Walionisikia Tukuyu wanajua nitafika wapi: nitafika sokoni. Wengine mmeshaanza kuguna, naona. Guneni tu. Nitalisema tena hadi lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, iishe barabara hii.

Fungueni Walawi 19. Mstari wa 2 mnaujua bila kusoma: "Mtakuwa watakatifu." Tumeufungia, tumeukeshea. Sasa telemkeni nao. Wa 9, ukivuna usimalize pembe za shamba, mwachie maskini. Wa 13, ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Wa 32, inuka mbele ya mwenye mvi. Wa 35 na 36, mizani ya haki na vipimo vya haki. Sura ni ileile na anayesema ni yuleyule. Hakuna mahali aliposema "sasa tuache utakatifu, tuongee biashara". Sisi ndio tuliotoa mstari wa 2 tukaubandika ukutani sebuleni, wa 36 tukauacha humo kitabuni.

Nilikuwa nanunua viazi Isongole. Nilikuwa nimeokoka miaka sita, niko kwaya, niko kamati ya maombi, mkesha haunipiti. Kulikuwa na bibi mmoja, mjane, tunasali naye kanisa moja, shamba lake dogo liko juu kwenye mteremko. Siku hiyo alikuwa amehesabu mavuno yake kwa debe, mwenyewe, na wajukuu: debe 24. Kwa hesabu yake gunia la haki ni debe sita, kwa hiyo alijua ana gunia nne. Nikaja na vijana wangu na kamba. Mnajua inavyofungwa, sina haja ya kueleza: gunia linajaa, halafu mdomoni linashonewa kipande kingine, linapanda mpaka linakuwa na mabega. Debe nane kila moja. Tulipomaliza, zilikuwa gunia tatu. Nikamlipa tatu.

Bibi akazitazama. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, gunia moja limekwenda wapi?" Nikamjibu, "Bibi, hivyo ndivyo soko linavyotaka." Akapokea hela kwa mikono miwili, akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," asante sana.

Jumapili tukakutana ibadani. Akapita mbele na fungu lake la kumi, kutoka kwenye zile gunia tatu. Na mimi nikapita. Bahasha yangu ilikuwa nene kuliko yake, na nilipoinyanyua ndipo hesabu ilipokaa sawa kichwani: humu ndani kuna sehemu ya kumi ya gunia la nne. Nimemletea Mungu zaka ya wizi, na niliyemwibia amekaa benchi la tatu anaimba.

Nitasimama hapo kidogo, maana kuna ndugu anasema moyoni, "Mzee, hayo ni matendo. Sisi tumeokolewa kwa neema, na tulishatakaswa." Atanipeleka 1 Wakorintho 6:11, "mlioshwa, mlitakaswa, mlihesabiwa haki". Vizuri. Sasa rudi nyuma mistari mitatu tu, hadi wa 8. Paulo anawaambia watu haohao kwamba wanadhulumu na kunyang'anya, naam, hata ndugu zao. Haohao waliooshwa! Kuhesabiwa haki nilihesabiwa siku moja, na sikukuchangia hata senti. Lakini mikono iliyokuwa imezoea kufunga lumbesa haikuacha siku hiyo. Mungu alikuwa na kazi ya kuifundisha kidole kwa kidole. Ndiyo maana Wafilipi 2 inasema tuutimize wokovu kwa kuogopa na kutetemeka, na hapohapo inasema ni Mungu atendaye kazi ndani yetu. Watu wanaikata aya hiyo katikati, mmoja anachukua kichwa, mwingine mkia.

Na msidhani niligeuka Jumatatu. Wiki hiyo nilimpelekea bibi hela ya gunia lake, alilia, nami nikalia, nikarudi nyumbani nikijiona nimefika. Msimu uliofuata nilikuwa napima sawa kwa washirika wa kanisani, na kwa wengine nafunga lumbesa kama kawaida. Miezi mingi! Nilikuwa na vipimo viwili kwenye gari moja, na Kumbukumbu la Torati 25 imekataza mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Ilibidi Roho anirudie tena juu ya jambo lilelile. Kukua kulikuwa huko, kwenye kurudiwa. Ndipo nikanunua mizani ya kuning'iniza.

Mwingine ataniambia serikali imekataza, gunia lisizidi kilo 100, kwa hiyo ni kazi ya watu wa vipimo. Watu wa vipimo wanasimama barabarani. Shambani Isongole saa 11 alfajiri kuna wewe, kuna mkulima na kuna Mungu. Na wakulima nao nawaona mnafurahi sana leo: vile viazi vidogo mnavyoficha katikati ya gunia, vyenye kijani, navijua. Walawi 19 ni yenu pia.

Je, nilitajirika nilipoanza kupima? Hapana. Nasikia shuhuda za watu walioacha dhambi wakapata lori. Mimi nilipata faida ndogo kuliko wenzangu, na msimu mmoja nilikosa mzigo kabisa kwa sababu bei yangu ya kilo ilionekana ndogo kwa aliyezoea kulipwa kwa gunia. Siwafichi, maana kijana akianza kwa kutegemea lori, lori lisipokuja atarudi kwenye kamba.

Injili ilifika Rungwe na Wamoravian mwaka 1891. Zaidi ya miaka 130. Mlima mzima umejaa makanisa, na mtu akiuza bado anatafuta mnunuzi "asiye na mambo ya wokovu" kwa sababu anaamini ndiye atakayempima vizuri. Hilo linaniuma. Sina namna nyingine ya kulisema.

Nilikuwa nizungumze pia juu ya chai, jinsi mchai usipopogolewa unavyokuwa mti na mkono haufiki tena, na Yohana 15 inavyosema tawi lizaalo husafishwa. Muda hautoshi. Wauza maziwa, 1 Petro 2:2 inasema "yasiyoghoshiwa", mkasome wenyewe, mnajua kwa nini nimewatazama. Na ujira wa dada wa kazi nyumbani, wengi wetu unalala kwetu miezi, hilo nitalirudia siku nyingine kwa kirefu.

Mzee wa zamu ananionyesha saa. Mizani yangu iko kwenye gari hapo nje, chini ya mkaratusi. Najua kuna watatu hapa mnapakia Jumatatu. Atakayetaka aje aichukue sasa hivi, sitamwuliza jina. Naomba irudi Alhamisi, na mimi nina mzigo.