Bwana Alisimama Nami, na Lile Joho Ulilete

Bwana asifiwe, wapendwa. Nawashukuru wazee wa kanisa kwa kunipa nafasi hii, na ninyi mliofika kwa miguu kutoka Katwe, Nsambya na Najjanankumbi, mitaa ya hapa Kampala, baada ya kazi ya kutwa nzima.

Leo nasema na mtu anayeishi peke yake kwenye muzigo, chumba kimoja cha kupanga. Mama ametembeza vitenge begani tangu asubuhi, kutoka ofisi hii hadi duka lile. Jioni anafunga mlango, anawasha sigiri, anasonga ugali wa mtu mmoja. Kisha anatazama simu. Ujumbe aliomtumia mumewe aliyeko Goma, mashariki mwa Kongo, una tiki moja tu, yaani haujamfikia. Wa juzi nao, tiki moja. Tangu Goma ilipotwaliwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari 2025, wapo kati yetu wanaolala na kuamka hivyo. Na huyo mama amewahi kuambiwa, tena na sisi watumishi: "Mwenye Mungu hayuko peke yake, acha kulia." Nawasihi tuache kumwambia mtu hivyo. Sehemu ya kwanza ni kweli tupu, lakini ile ya pili inamfunga mtu mdomo, na Biblia haikumfunga.

Fungueni Waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4. Paulo yuko kifungoni Roma na anajua siku zake zimekwisha. Mstari wa 16 anasema: "Katika jawabu langu la kwanza hakuna mtu aliyesimama upande wangu, bali wote waliniacha." Mstari unaofuata: "Lakini Bwana alisimama pamoja nami, akanitia nguvu." Hapo wahubiri wengi hufunga Biblia na kusema amina. Mimi naomba tuisome barua yote. Mstari wa 9, anamwambia Timotheo ajitahidi kuja kwake upesi. Mstari wa 10, Dema amemwacha, na anamtaja kwa jina. Mstari wa 13, anaomba aletewe joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, na vitabu. Mstari wa 21, Timotheo afanye hima afike kabla ya majira ya baridi.

Mtu ni yule yule na barua ni ile ile. Bwana amesimama naye, na mwili wake bado unasikia baridi, na bado anamtamani Timotheo. Wala haombi radhi kwa hilo. Sasa angalieni faraja ilipojitokeza, maana wengi tunaitafuta pasipo pake. Upweke haukumtoka Paulo. Kilichomtoka ni uchungu. Mwishoni mwa ule mstari wa 16 anawaombea wale wale waliomkimbia, wasihesabiwe hatia. Mtu aliyeachwa na wote, asiye na mwingine wa kumtegemea, hawezi kuomba hivyo. Nguvu ile ilitoka kwa Yule aliyekuwa amesimama kando yake.

Hajiri naye, Mwanzo 16. Mjakazi, mgeni, mjamzito, anakimbia nyikani. Malaika wa Bwana anamkuta penye chemchemi na kumuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Ninyi mliovuka mpaka wa Kongo na Uganda pale Bunagana mliulizwa hivyo hivyo, mezani, mbele ya karani. Lakini aliyemuuliza Hajiri alikuwa ameshamwita kwa jina kabla hajajibu. Kwa Sarai na Abramu alikuwa "mjakazi" tu.

Na hapa Uganda kwenyewe tunaye shahidi. Mwezi wa Oktoba 1885, Askofu James Hannington, mmisionari Mwingereza, alizuiliwa Busoga, akiwa mgonjwa wa homa, amefungiwa siku kadhaa. Aliendelea kuandika kwenye shajara yake. Siku ya mwisho, tarehe 29, aliandika kwamba usiku fisi alilia karibu naye, amenusa harufu ya mgonjwa. Na siku hiyo hiyo akaandika kwamba Zaburi ya 30 imemshikilia. Fisi yumo, Zaburi imo, katika maandishi ya siku moja. Siku hiyo akauawa, pamoja na wapagazi wake karibu wote. Sitawaficha hilo, kwa sababu wako wanaohubiri kana kwamba Mungu akiwa nawe mlango lazima ufunguke. Kwa Hannington haukufunguka, lakini hakufa ameachwa. Nayaamini haya kwa moyo wangu wote.

Utaniuliza: mchungaji, mbona mimi sisikii chochote? Naomba, kimya. Ndugu yangu, Zaburi ya 139 haipimi kwa kusikia. "Kama ningepanda mbinguni, Wewe uko, ningefanya kuzimu kitanda changu, Wewe uko." Kuzimu hakuna mtu anayejisikia vizuri, na bado Yuko. Kwa hiyo usiku ukiwa mzito, isome Zaburi hiyo kwa sauti, hata jirani wa upande wa pili wa ukuta akisikia. Mwambie Mungu jina la yule asiyejibu simu. Lia ukitaka kulia.

Halafu uliombe joho lako. Mpigie mtu. Mwambie dada uliyeketi naye hapa kwamba Jumapili utakula kwake, au yeye aje kwako. Na sisi wazee na watumishi, Bwana anaposimama na mtu, hajatupa ruhusa ya kubaki tumekaa. Timotheo alitumiwa barua ili aanze safari.

Dada aliye pale mlangoni ana daftari. Kabla ya kutoka, andika jina lako, mtaa wako na siku unayopatikana nyumbani. Kuanzia Jumatano tutatembelea wawili wawili. Mwenye shida ya kodi au dawa aiandike pia, asione haya. Sasa tusimame tuombe, na tuanze na wale walioko Goma.