Haisi ya Shemeji

SELE: Karibuni tena. Leo tuliahidi mambo matano ya kuangalia kabla hujanunua gari la familia lililotumika, haya ya milango ya kuburuta...

CHIKU: Matano yatangoja. Eleza kwanza Jumamosi.

SELE: Dah. Niliazima Haisi ya shemeji, tukaenda Bagamoyo. Desemba tunapanda Moshi, nikasema nijaribu kama tunaenea: mimi, mama watoto, watoto wanne, na mama mkwe. Bunju nikasimama kununua tikiti. Narudi, mlango uko wazi, kuna mama kakaa siti ya pili, kapakata beseni la dagaa. "Mapinga utanishusha."

CHIKU: Namba ya njano hakuiona?

SELE: Namwambia, mama, hii gari binafsi. Ananijibu, "Haya, ondoa basi, jua kali."

CHIKU: Ukamshusha?

SELE: Nimshushe vipi, na mama mkwe alishajisogeza ampishe! Na yule wangu wa pili, yule mtundu, kasimama mlangoni: "Nauli huko nyuma, nauli!"

CHIKU: (anacheka) Mkapata ngapi?

SELE: Dagaa.

CHIKU: Ndiyo maana nasema chukua Toyota Alphard. Hakuna mtu aliyewahi kupanda Alphard kwa kukosea.

SELE: Alphard zile za mwanzo, za kuanzia 2002, injini ya 2.4 inakunywa oili. Tena ziko chini. Ukiacha lami kule kwetu, kila jiwe unalisikia kwa jina.

CHIKU: Oili unapima. Sele, wakati unapaki hapo nje niliinama uvunguni. Hivyo viti vya nyuma vimetoka navyo Japani?

SELE: Ilikuja ya mizigo. Viti kaweka fundi.

CHIKU: Bolti ya siti ya mwisho imetokeza chini ya bati, washa yake, kile kisahani cha kushikia bolti, ndogo kama sarafu ya hamsini, na bati lenyewe limeanza kujikunja pembeni. Ukikanyaga breki ya ghafla Segera, siti inaondoka na bibi yake.

SELE: Mwaka wa sita huu inabeba watu, da Chiku.

CHIKU: Haijagonga. Mikanda huko nyuma mingapi?

SELE: ...Miwili.

CHIKU: Miwili!

SELE: Na Alphard yako ukijaza watu saba, mabegi unaweka wapi? Nyuma ya siti ya tatu panaingia kikapu. Sisi hatutoki kwetu mikono mitupu, kuna mikungu ya ndizi.

CHIKU: Ndizi zifungwe juu. Au chukua Haisi ya abiria ya kiwandani, ya watu kumi.

SELE: Hiyo nimeiingiza kwenye kikokotoo cha TRA. Nilipoona kodi nikafunga kompyuta, nikaenda kulala. Nachukua ya mizigo, viti naweka upya, vyuma vinene.

CHIKU: Chuma kinene juu ya bati lilelile. Wanangu hawapandi Desemba.

SELE: Basi waje na basi.

CHIKU: Watakuja na basi.

SELE: Hata basi nalo...

CHIKU: Usinihamishe. Hawapandi.

(kimya)

SELE: Una kichwa kigumu.

CHIKU: Na wewe una mikanda miwili. Fundi mitambo ananyoosha vidole, tuna dakika mbili.

SELE: Haraka haraka. La kwanza: nenda alfajiri, usimwambie muuzaji saa. Shika boneti. Ukiikuta ya moto, ameshaiwasha akufiche jinsi inavyoamka...

CHIKU: Haisi boneti unashika wapi?

SELE: Unanyanyua kiti. Injini si iko chini ya kiti.

CHIKU: Kwa hiyo muuzaji akiwa amekaa, umwambie nyanyuka nipapase.

SELE: La pili... muda umeisha. Na fundi mitambo anauliza kama napita Mwenge.

CHIKU: Anayo dagaa?